Mwaka Bi Tatu Alipoumwa na Nyigu

Tulipomzika Bi Tatu mwaka jana, msichana mmoja, rafiki wa mjukuu wangu, aliletwa ndani kunipa pole. Alipiga magoti kwenye mkeka, akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, kisha akaniuliza kwa adabu marehemu alikuwa nani wangu. Nikamwambia alikuwa mke mwenzangu. Yule mtoto aliyatazama macho yangu yalivyovimba kwa kulia, halafu akamgeukia mjukuu wangu, kama mtu anayetaka kuhakikishiwa kwamba bibi bado ana akili zake. Mjukuu wangu akacheka kidogo, pale pale msibani, akasema, "Ndivyo walivyo hawa." Sikumlaumu yule binti. Nilipoingia nyumba ile ya Kariakoo nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kama mtu angeniambia kwamba siku moja nitamlilia Bi Tatu kuliko nilivyomlilia mume wetu, ningemwona mwendawazimu. Kati ya siku ile na hii kuna mwaka mmoja ambao sijawahi kuusimulia vizuri kwa mtu. Wote walioushuhudia wamekwisha kufa, na vijana wananiona nimekaa kimya wakidhani sina la kusema.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyumba nyingi za mtaa ule: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma uani, jiko, choo, na bomba moja la maji ambalo lilikuwa likitoa maji asubuhi na kupumzika mchana. Kuta za vyumba hazikufika kwenye paa. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alimwambia afya. Nililetwa pale kutoka Kilwa nikiwa nimekwisha kuozwa, na nilichoambiwa ni kwamba mume wangu Kondo ana mke mkubwa, ila mke huyo yuko kwao Rufiji, anaumwa, na kurudi harudi. Siku niliyofika, mchana, nilimkuta mwanamke mrefu amekaa uani juu ya mbuzi anakuna nazi. Alinyanyua uso, akanitazama, akalitazama sanduku langu la bati, akasema, "Karibu. Chumba chako hicho cha kushoto. Nimekifagia." Nikamwamkia, nikamwita shangazi. Nilidhani ni mpangaji. Jioni Kondo aliporudi kazini, nikiwa nimekaa kitandani na buibui langu bado mwilini, nikamsikia upande wa pili wa ukuta.

"Uliniambia umekwisha kumwambia," ilisema sauti ya yule mwanamke.

"Nitamwambia."

"Mtoto amesimama uani na sanduku mkononi, anatetemeka. Ameniita shangazi, Kondo."

"Punguza sauti, Tatu. Anasikia."

"Na asikie. Nani mwingine atakayemwambia?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Jina lake Tatu na yeye ndiye mke wa kwanza. Wapangaji walikuwa wakilichekea sana jambo hilo. Mimi sikucheka. Kwa muda mrefu nilikuwa ninaamka asubuhi, nasikia kifagio chake uani, na moyo unashtuka upya kama vile ndiyo kwanza nafika. Sikumchukia kwa sababu ya ubaya wowote. Nilimchukia kwa kuwa alikuwapo. Naye hakunitafuta. Alinionyesha sufuria zangu na jiko langu la mkaa, akanieleza zamu za kupika, basi. Alikuwa akinunua samaki Feri alfajiri, anawakaanga, anawauza barazani jioni kwenye sinia la bati, na wateja wake walimpenda kwa sababu hakupunja. Kondo alikuwa fundi katika karakana moja ya Gerezani. Alirudi na mikono myeusi kwa mafuta ya mashine, akala ukumbini peke yake, chakula cha yule mwenye zamu, na sisi tukala uani, kila mmoja na sahani yake, tumepeana migongo.

Huo ndio mwaka ambao chakula kilikuwa taabu. Mchele uliadimika, tukawa tunakula unga wa njano ulioletwa na meli. Watu walisimama foleni tangu alfajiri kuungojea, na wakiupata wanalalamika kwamba unanuka gunia. Redio ilituambia kila siku tulime. Mjini kulima wapi? Lakini Mzee Mfaume, balozi wetu wa nyumba kumi, alipita mlango kwa mlango akasema kila nyumba lazima iwe na shamba, na asiyekuwa na kazi wala shamba asije kumlilia yeye akikamatwa na kupelekwa vijijini. Kondo alikuwa na kazi. Bi Tatu alikuwa na samaki wake, ingawa kuuza samaki barazani hakukuhesabiwa kuwa kazi. Mimi sikuwa na kitu. Basi sisi wanawake wawili tukapewa kipande bondeni Msimbazi, ng'ambo ya Jangwani, tukaanza kuteremka pamoja kila asubuhi na majembe begani, yeye mbele, mimi nyuma, bila neno. Tulipanda mahindi, mchicha, na mihogo kule juu ambako maji hayafiki. Kulikuwa na kibanda cha makuti kilichoachwa na mtu aliyelima kabla yetu, na humo tuliweka majembe na kujificha jua.

Kwenye makuti ya kibanda hicho ndipo walipokaa nyigu. Sikuwajua tabia zao. Wiki ya kwanza niliinua mkono kuning'iniza kanga yangu kwenye mti wa paa, na kabla sijaelewa nini kimetokea nikahisi kama mtu amenichoma kope kwa sindano ya moto. Nikapiga yowe, nikaanza kurusha mikono, na mwingine akaniuma shingoni. Bi Tatu alinikamata mikono yote miwili, akaibana, akanisukuma nje akiniambia polepole sikioni, "Usirushe mikono. Ukirusha wanakuona adui. Tembea. Tembea tu." Tulipofika kwenye mfereji akanikalisha, akanitazama jicho kwa karibu. Ilikuwa mara ya kwanza mke mwenzangu kunigusa. "Nyigu haachi mwiba kama nyuki," akasema, "kwa hiyo usikwaruze, hakuna cha kutoa." Akaniosha kwa kipande cha sabuni ya mche alichokuwa nacho kwenye kikapu, akalowesha pindo la kanga yake kwa maji ya baridi, akanikandamiza nalo. Nyumbani akapasua kitunguu, akanishikisha nusu yake juu ya jicho, na nusu nyingine akaitia kwenye mchuzi. "Chakula kisipotee," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona anataka kutabasamu. Kondo aliponiona jicho limefumba alicheka mpaka akapaliwa. Alisema huko karakana wao nyigu wanawaua kwa kofia.

Siku chache baadaye Bi Tatu naye aliumwa, kwenye kidole. Mkono wake ukavimba hadi kwenye kiwiko, na vipele vikamtoka kifuani. Nilimwambia aende zahanati. Akanijibu kwamba damu yake ni chungu tangu utotoni, hata mbu humfanyia hivyo, akapaka majivu, akaendelea kukaanga samaki kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo, mimi pia. Sasa wajukuu zangu wanasoma mambo haya shuleni, na mmoja amenieleza kwamba mwili unaweza kukaa na sumu ndogo ukajifunza kuiogopa, na mara ya pili ukajiua wenyewe kwa woga. Nilimsikiliza nikashangaa. Miaka hii yote nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu ambacho sikuwa na neno lake.

Mahindi yalipoanza kukomaa, siku moja tuligombana. Ugomvi wenyewe wa sufuria: nilitumia yake nikaiunguza, akanifokea, nikamjibu vibaya mbele ya wapangaji, na Mama Chausiku, mpangaji wa chumba cha mbele, alitoka kabisa na kigoda chake aje kusikiliza. Asubuhi yake ilikuwa zamu yangu. Kondo alipokwisha kwenda kazini nikapika uji, nikamtilia Bi Tatu bakuli lake kama kawaida, akanywa bila kunitazama, tukachukua majembe tukaondoka.

Tulikuwa tumekwisha kuvuna kikapu kimoja alipoingia kibandani kuchukua gunia. Nikamsikia anasema "Aa!" kidogo tu, kama mtu aliyejikwaa. Akatoka ameshika shingo. "Ameniuma huyu mshenzi," akasema, akaketi kwenye tuta. Nikachukua sabuni, nikalowesha kanga, nikaanza kumfanyia kama alivyonifanyia mimi. Akaanza kujikuna viganja. Akajikuna nyayo. Akasema anasikia joto. Nilipomtazama usoni nikaona midomo yake inakua. Sijui niseme vinginevyo vipi: ilikuwa inakua huku naitazama, kisha macho yakaanza kufumba, na mashavu yakawa si yake. Akajaribu kuniambia jambo, sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Akatapika ule uji wote juu ya tuta. Halafu akalala chini, na kila akivuta pumzi kulikuwa na mluzi kooni mwake.

Nikapiga kelele. Waliokuwa bondeni wakaja mbio, kina mama wa viwanja vya jirani na Mzee Luambano, mzee wa Songea aliyekuwa analima mchicha wa kuuza Kariakoo. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo likinijia nasimama nilipo. Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema apakwe mafuta ya taa. Mwingine akasema hapana, chumvi na ndimu. Mwingine akasema kwao wanamnywesha mtu maziwa, na wa nne akauliza kwa sauti kubwa ni nani mwenye kitunguu. Walikuwa wanabishana kwa nia njema kabisa, wameinama juu yake, na Bi Tatu katikati yao anageuka rangi ya majivu. Mama mmoja alimwinua kichwa, akamtilia maji mdomoni. Maji yakarudi yote puani.

"Msimpe kitu!" nikasema. "Hapitishi! Hamwoni hapitishi?"

"Sasa tufanye nini, mwanangu?" aliuliza Mzee Luambano.

"Hospitali."

"Kwa sumu ya nyigu?" aliuliza yule mama mwenye maji.

Mzee Luambano alikuwa na mkokoteni wake wa mchicha pale njiani. Aliumwaga mchicha wote matopeni, kazi yake ya wiki nzima, bila kuutazama mara mbili. Tukampakia Bi Tatu, miguu inaning'inia, tukasukuma. Hospitali kubwa ilikuwa juu, ng'ambo ya bonde. Ukisimama shambani unaliona paa lake. Sijawahi kwenda safari ndefu kuliko ile. Nilikuwa nasukuma nikiusikiliza ule mluzi wa kooni, na niliogopa zaidi ulipoanza kupungua. Nilimwita. Mara ya kwanza nikasema, "Bi Tatu." Halafu nikajikuta nalia, "Dada, dada, usinifanyie hivi." Tulipoingia getini Mzee Luambano alikuwa hawezi tena kusema, kifua kinampanda na kushuka, na mimi sikuwa na kiatu hata kimoja. Wakamchukua mikononi mwetu. Daktari aliuliza swali moja tu, nikaonyesha shingo yake, akapiga kelele aletewe sindano. Mlango ukafungwa. Baadaye akatoka akaniambia kwamba mama huyu damu yake haipatani na nyigu, kwamba kuchelewa kidogo tu kungemmaliza, na kwamba asiumwe tena maisha yake yote. Kisha akaondoka kwenda kwa wagonjwa wengine, na sikumwona tena.

Kondo alifika jioni na nguo zake za kazi. Niliinuka kutoka kwenye benchi kumpokea. Nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi, nimetapakaa matope na matapishi, na nilikuwa ninamngoja yeye. Nilitaka aniambie pole, au aniambie kaa chini. Alisimama mbele yangu akasema, "Umempa nini?"

Sikuelewa. Nilidhani anauliza kama nimempa huduma ya kwanza. Nikaanza kumweleza habari ya sabuni na maji ya baridi.

"Nauliza asubuhi. Mama Chausiku ameniambia ni uji wako aliokunywa. Na jana mmegombana. Umempa nini?"

Nesi aliyekuwa anapita akamwambia, "Baba, ni nyigu." Kondo akamjibu bila kumtazama, "Hivyo ndivyo huyu alivyowaambia. Mimi nyigu wameniuma mara ngapi?" Nilitaka daktari atoke aseme mwenyewe, lakini zamu ilikuwa imebadilishwa. Na Bi Tatu ndani alikuwa amelala, uso kama mtungi, hawezi kufungua mdomo. Nakumbuka nilitazama mikono yangu yenye malengelenge ya mkokoteni, nikajiuliza ni mikono ya nani. Mtu anayetuhumiwa jambo kubwa namna ile kwa ghafla hakasiriki. Hasira huja baadaye. Kwanza anakuwa kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi akaambiwa nyumba si yake.

Kesho yake Mzee Mfaume aliitwa. Wapangaji wote wakakaa ukumbini, mimi nikasimamishwa karibu na mlango wa uani. Balozi alikuwa mtu mpole, na aliniuliza kwa upole, jambo lililonitisha zaidi. Nikaeleza. Nikawaambia wamwite Mzee Luambano. Kondo akauliza, Mzee Luambano aliona nyigu au aliona mtu ameanguka? Wakati huo Mama Chausiku alikwenda uani akarudi na sufuria yangu ya uji, ule uliobaki jana yake, umeganda na kufanya utando juu. Akaiweka katikati ya ukumbi kama vile ni maiti. "Ushahidi huo," akasema. Watu wote waliitazama ile sufuria, na mmoja akavuta miguu nyuma.

Sikupanga nilichokifanya. Nilikwenda nikachuchumaa, nikautia mkono ndani nikaanza kula. Ulikuwa umechacha, wa baridi, na unanuka gunia. Nilikula nikiwatazama mmoja mmoja, hadi nikakomba ukoko kwa kucha. Nilisikia sauti ya kucha zangu kwenye bati na nyundo za mafundi waliokuwa wanajenga soko jipya. Nilipomaliza nikaiweka sufuria chini, nikafuta mdomo kwa kanga. Mzee Mfaume akainamisha uso. Na Mama Chausiku akasema taratibu, "Huenda alikunywa kwanza dawa ya kuzuia." Kondo, mume wangu, ambaye alikuwa ameniona nikila, alitikisa kichwa kumwafiki. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna ninachoweza kufanya. Alinyanyuka akatoa godoro langu na sanduku langu la bati, akaviweka jikoni uani, juu ya majivu. "Utakaa hapo mpaka mwenzio aweze kusema," akasema. Balozi alimwambia, "Bwana Kondo, taratibu," lakini hakumzuia.

Asubuhi iliyofuata, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda na hospitali nilikatazwa, nikateremka bondeni. Ilikuwa baridi bado. Mzee Luambano alikuwa amefika, anaokota mchicha uliobaki matopeni. Hakuniuliza kitu, alinifuata tu nilipoelekea kibandani. Niliingia, nikanyanyua macho kwenye makuti, na nilipokiona kiota nilitaka kukaa chini. Kilikuwa kidogo. Kwa namna fulani nilikuwa nimetegemea kuona kitu kikubwa kama ngoma, na kumbe kilikuwa kama kisahani cha chai, cha kijivu, kinaning'inia kwa kikonyo chembamba kuliko kidole changu. Nyigu walikuwa juu yake wametulia, wanatikisa mabawa pole pole kwa baridi. Nilijifunga kanga mbili hadi machoni. Bi Tatu aliwahi kunieleza kwamba nyigu watu huwafuata asubuhi wakati mbawa ni nzito, na kwamba kwenye makuti usitumie mafuta ya taa, utaunguza shamba zima. Tukawasha makumbi ya nazi yaliyolowa kidogo, yakatoa moshi mzito, nikausogeza chini ya kiota kwa ufito mrefu, nikangoja. Walianza kuanguka mmoja mmoja kama walevi. Mzee Luambano akakisukumia kiota kwenye ndoo ya maji, nami nikakikandamiza kwa jembe. Nilipokitoa na kukipasua, ndani kulikuwa na vyumba vidogo vidogo, na katika kila chumba mtoto mweupe amejikunja. Nilitazama vile vyumba, kuta zake nyembamba, nikalia kwa mara ya kwanza tangu nituhumiwe. Mzee Luambano alidhani nimeumwa, akaniuliza wapi.

Bi Tatu alirudi baada ya siku chache. Nilikuwa jikoni napepea mkaa nilipomsikia ukumbini, sauti ya kukwaruza kama ya mwanamume. Alikuwa anauliza niko wapi. Kondo akajibu kitu kwa sauti ya chini. Nikasikia ndara zake zinakuja taratibu, akasimama mlangoni mwa jiko ameshika mwimo. Uvimbe ulikuwa umepungua, lakini chini ya macho ngozi ilikuwa imelegea, amezeeka. Alilitazama godoro juu ya majivu. Alilitazama sanduku. Alinitazama mimi kwa muda mrefu.

"Nani ameweka hivi hapa?" aliuliza.

"Tatu, tulikuwa tunangoja useme wewe," Kondo alijibu nyuma yake. "Watu wamesema mengi. Mimi nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu." Aligeuka. Wapangaji walikuwa wamejaa ukumbini, Mama Chausiku mbele yao. "Kondo, ulipokuja hospitali siku nilipofumbua macho uliniuliza nini? Hukuniuliza naumwa wapi. Uliniuliza nilikula nini, nami sauti ilikuwa haitoki. Nikashangaa, nikadhani labda unataka kujua kama nina njaa." Akakohoa, akajishika kifua, akaendelea. "Nilikuwa nasikia. Mnadhani mtu akilala vile hasikii? Kwenye ule mkokoteni nilikuwa nasikia kila kitu. Huyu mtoto alikuwa ananiita dada, analia, na mawe yanamkata miguu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini, Tatu."

"Ulikuwa kazini. Sawa. Na ulipotoka kazini?"

Mama Chausiku alifungua mdomo, na Bi Tatu akamwambia, "Wewe nyamaza, mama, kodi yako unalipa ya chumba, hukulipia ndoa yangu." Kisha akainama, mtu aliyetoka hospitali asubuhi ile, akashika pembe moja ya godoro langu. "Shika kule," akaniambia. Tukalibeba, tukapita nalo katikati ya watu wote, tukalirudisha chumbani kwangu. Nikadhani imekwisha. Lakini akaingia chumbani kwake, nikasikia vitu vinaburutwa, akatoka na mto wake, mkeka wake, kanga zake zote na lile sinia lake la samaki. Akaviingiza chumbani kwangu. Akafunga mlango, akashusha komeo, akaketi kitandani kwangu, akapumua kwa shida.

"Dada," nikamwambia, "unafanya nini?"

"Nimehama," akasema.

Mtaa mzima ulizungumza. Mafundi wenzake Kondo walimwuliza kazini kama ni kweli wake zake wameoana. Alikuwa anajipikia ugali wa njano uani, unamtokea mabonge, na sisi tukipita tunamwamkia kwa adabu. Ndani, Bi Tatu alilala upande wa ukutani kwa sababu kikohozi kilikuwa hakijamwisha, na jioni tulikuwa tunaongea kwa kunong'ona, kwa kuwa kuta hazikufika juu. Aliniambia mambo ambayo sikuwahi kuyajua: kwamba yeye alikuwa amezika watoto, kwamba siku niliyofika alikuwa ameapa asinifagilie chumba, kisha akakifagia. Tukapanga kazi upya. Mimi nikawa naenda bondeni peke yangu, yeye asikanyage tena huko, na nikirudi namkuta barazani amezungukwa na wateja, ameniwekea kichwa cha samaki.

Kondo alianza kuja mlangoni baada ya swala ya magharibi. Mara ya kwanza aligonga, akasema, "Tatu, nimekosa." Bi Tatu akamwuliza kutoka kitandani, "Umemkosea nani?" Akajibu, "Nimekukosea wewe." Bi Tatu akageukia ukutani, akavuta shuka. Nikasikia ndara za Kondo zinarudi chumbani kwake. Siku kadhaa hakuja. Nilidhani amechoka, na nilimwambia Bi Tatu labda tumfungulie, mtu mzima anajipikia mabonge. Akasema mlango ni wangu, chumba ni changu, yeye mgeni tu. Atakayefungua ni mimi, na nisimwulize tena.

Jioni moja akagonga tena. Wapangaji walikuwa wanakula uani, na nikasikia vijiko vyote vimesimama. Hakuita Tatu. Alisema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi asiyoyazoea, "Mwanahamisi." Tangu nimeolewa alikuwa ananiita "wee," au "mama mdogo" akiwa na furaha. Sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Nilishtuka hadi nikasimama. "Mwanahamisi, nilikudhulumu. Nilikuona ukila ule uji, na moyoni nilijua kuwa huna kosa, nikaona aibu kurudi nyuma mbele ya watu. Nisamehe."

Nilimtazama Bi Tatu. Alikuwa ametazama dari, mikono kifuani, kama vile hayumo. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikaweka mkono kwenye komeo. Nilikuwa nimekwisha kuamua kulifungua. Nilipofumbua mdomo, yaliyotoka yakanishangaza mimi mwenyewe.

"Nimekusikia, Kondo," nikasema. "Nitakujibu."

"Lini?"

"Nikiwa tayari."

Kisha nikasikia anasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya hasira, "Haya," na miguu yake ikaondoka. Nilirudi kitandani. Bi Tatu alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtetemeka, na kwanza nilidhani kikohozi kimemrudia, hadi alipoitoa kanga nikaona anacheka, machozi yanamtiririka hadi masikioni. Alisogea akanipisha. Nikalala, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Kariakoo nikausikia mtaa mzima nje, redio, watu, baiskeli, bila kuuogopa.